"Punguza mawazo" si tiba

Mtu mwenye wasiwasi uliopitiliza hapa kwetu haendi hospitali kusema ana wasiwasi. Anakwenda kusema moyo unamwenda mbio, kifua kinambana, vidole vinakufa ganzi, usiku hapati usingizi. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapimwa U.T.I., na mara nyingi anatoka na mfuko wa dawa hata kama majibu hayakuonyesha kitu, maana mgonjwa asiyepewa dawa huona hajatibiwa. Wiki inayofuata yuko hospitali nyingine, anaanza upya.

Sibezi vipimo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio na mikono hutetemeka, na upungufu wa damu nao hufanya moyo udunde. Daktari anayeanza kwa kuhakikisha si hayo anafanya kazi yake. Ninachopinga ni kinachofuata, pale karatasi zote zimetoka safi na mgonjwa anaambiwa, "Mama, huna tatizo, punguza mawazo." Apunguze vipi? Angejua namna, asingekuwa amekaa kwenye lile benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Wifi yangu aliipita njia hiyo yote. Nilimwomba ruhusa ya kuandika, akasema, "Andika wifi, ila jina langu liache." Anashona nguo Kariakoo, anaishi Mbagala. Jioni moja ndani ya daladala iliyojaa, foleni haisogei, moyo ukaanza kumdunda, jasho likamtoka, mikono ikafa ganzi. Akajua anakufa, akaanza kutoa shahada palepale. Abiria wakapiga kelele konda ashushe mtu. Akashushwa, akakaa chini ya mwembe, baada ya muda kidogo akawa mzima.

Kilichompata kinaeleweka vizuri. Ubongo umedhani kuna hatari, ukamwaga adrenalini ili mwili ukimbie au upigane. Moyo unapiga haraka kupeleka damu kwenye misuli, pumzi inakuwa ya haraka haraka, na kupumua hivyo kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka. Ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Hali hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, kisha hushuka yenyewe. Ingeshuka hata angebaki kwenye siti. Lakini yeye alikuwa ameshashuka kwenye gari, kwa hiyo akili yake ikaandika kwamba amepona kwa sababu ameshuka.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipozaliwa, kwa maoni yangu, wala si siku ile ya foleni. Aliacha daladala za jioni, akaanza kuondoka kazini saa tisa. Kisha akaacha daladala kabisa, akawa anapanda bajaji, nusu ya pesa ya siku ikawa inaishia barabarani. Kisha akawa hatoki bila mtoto wake mkubwa, chupa ya maji na mfuko wa plastiki. Mwishowe cherehani ikahamia nyumbani. Kila hatua ilimpa nafuu ya kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyeishtukia. Sisi ndugu tulikuwa tunamsaidia kwa moyo mmoja: mimi namfuatia vitambaa Kariakoo, kaka anampeleka sokoni kwa pikipiki. Mama yetu alisema ni jini, akaletwa shehe wa kumsomea. Nami ni mtu wa dua, siwezi kusema kisomo hakikumtuliza. Kilimtuliza sebuleni. Hofu ilikuwa inamsubiri kituoni.

Wengi wakisikia tiba ya kisaikolojia wanafikiria mtu amelala kwenye kochi anasimulia utoto wake huku analia. Tiba iliyochunguzwa zaidi kwa wasiwasi haiko hivyo. Mizizi yake iko kwa Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ambaye miaka ya 1960 aliona kuwa wagonjwa wake wana mawazo mafupi yanayopita kichwani upesi, wanayaamini bila kuyakagua, na hayo ndiyo yanayowaumiza. Tiba ikawa ni kuyakamata mawazo hayo, kuyapima, na kubadili mwenendo unaoyalisha. Kwa kawaida huchukua vikao kama 12 hadi 20, na kazi kubwa inafanyika katikati ya vikao, mtu akiwa peke yake.

Wifi alipopelekwa kwa mwanasaikolojia wa tiba hiyo, alirudi kutoka kikao cha kwanza amenuna. "Nimelipa nauli, nimelipa pesa yake, ananiuliza maswali tu! 'Na ukizimia, halafu?' Swali gani hilo?" Nilimwelewa. Watu wa kutupa ushauri hatujakosa: somo, shehe, mchungaji, mama mkubwa, jirani. Huyu mtaalamu ushauri alikuwa mchoyo nao. Badala yake alimpa daftari lenye mistari ya kuchora mwenyewe: nilikuwa wapi, wazo gani lilipita, hofu ilikuwa ngapi katika 100, nini kilitokea kweli.

Kikao kingine akamwambia wakae, wapumue haraka haraka kwa dakika moja, wote wawili. Wifi akasita, akafanya. Ganzi ikaja, ileile ya kwenye daladala, vidole vilevile, humo ofisini feni ikizunguka. Akacheka, anasema hakujua kwa nini. Mwaka mzima aliamini ganzi ile ni dalili ya kiharusi, na sasa ameitengeneza mwenyewe kwa pumzi.

Baada ya hapo zikaja daladala. Kwanza alikaa kwenye gari tupu stendi ya Rangi Tatu, injini imezimwa, konda akimwangalia kwa mashaka hadi akamlipa nauli ili amwache. Kisha Rangi Tatu hadi Zakhem. Kisha hadi Mtongani. Masharti yalikuwa mawili: asibebe chupa wala mfuko, na asishuke hofu ikiwa juu, asubiri ianze kushuka. Amenionyesha ukurasa mmoja wa daftari. Wazo: "Nitazimia, watu watanikanyaga." Hofu: 80. Kilichotokea: "Konda kasema mama sogea nyuma huku peupe."

Hilo ndilo ninalotaka watu waelewe. Tiba hii ni mazoezi, na mazoezi yanauma kabla ya kusaidia. Anayeahidi kukuondolea hofu bila wewe kukutana nayo hata kidogo anakuuzia kitu kingine. Ndiyo maana nachukia jinsi diazepam inavyopatikana kirahisi kwenye baadhi ya maduka ya dawa bila cheti. Inatuliza upesi, sikatai, lakini mwili unaizoea, na mtu anajifunza kwamba amevuka siku kwa sababu ya kidonge, kama wifi alivyoamini chupa yake ya maji. Zipo dawa nyingine za kutibu wasiwasi, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, anaziandika daktari na kuzifuatilia, na kwa wengine zinakwenda vizuri pamoja na vikao. Hizo sina ugomvi nazo.

Sasa nani atampata mtaalamu huyo? Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 301 walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi mwaka 2019, na takriban mmoja tu kati ya wanne ndiye hupata matibabu yoyote. Kwetu wanasaikolojia ni wachache, wamejaa mijini, na bei ya kikao si ya fundi cherehani. Wifi alisaidiwa na mwajiri wa kaka. Bila hivyo nisingekuwa na cha kuandika. Halafu kuna aibu. Mtaani Mirembe ni tusi kwanza, hospitali ya magonjwa ya akili baadaye, na Wakenya hivyo hivyo na Mathari yao.

Lakini hoja ya kwamba tusubiri hadi wataalamu watoshe siikubali. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza watu kwenye mabenchi ya nje ya kliniki na kuwaongoza kutatua tatizo moja moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, wenye wagonjwa 573, ulionyesha waliopita kwa bibi hao walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kenya nako, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliotoka sekondari juzi tu kuendesha vikao vinne vya makundi kwa wanafunzi 413. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: wasiwasi na sonona vilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Sisi tuna wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kuulizia chanjo na uzito wa watoto. Upo mtihani wa maswali saba tu wa kupima wasiwasi wa wiki mbili zilizopita, umeshatafsiriwa kwa Kiswahili, hauhitaji maabara wala sindano. Sioni kwa nini zahanati iwe na kipimo cha taifodi ikakosa karatasi hiyo. Kuuliza tu hakutoshi, lazima awepo mtu aliyefunzwa wa kukupokea baada ya kujibu, na mifano ya Harare na Kenya inaonyesha mtu huyo si lazima awe na shahada tatu.

Niseme pia kwamba kuna wasiwasi wenye haki. Mwenye nyumba anagonga, kodi haipo, hapo hakuna mstari wa daftari utakaolipa. Bibi wa Mbare wanalijua hilo, ndiyo maana wanaanza na tatizo lenyewe. Na si kila mtu anapona moja kwa moja. Wifi amerudi Kariakoo, anapanda daladala hata saa kumi na mbili jioni, ila lifti bado hapandi, anasema ghorofa ya nne si mbali.

Ukifanikiwa kumpata mtaalamu, muulize tangu siku ya kwanza mtafanya nini, kwa vikao vingapi, na mtajuaje kama kinasaidia. Mtu wa kazi hatachukia maswali hayo. Akikuhubiria saa nzima na ukatoka huna cha kufanyia mazoezi hadi wiki ijayo, tafuta mwingine.