Kongosho si ya kuamuliwa na mtu mmoja

Mjomba alipofika Kampala kutoka Arua, macho yake yalikuwa ya manjano kama binzari, na mkononi alishika daftari la shule. Ndilo lililokuwa faili lake. Daktari wa kwanza aliandika humo ugonjwa wa ini. Wa pili, katika hospitali nyingine, akaandika mawe ya nyongo. Wa tatu, mpasuaji, akaandika saratani ya kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, na tarehe ya kupasuliwa. Wote walikuwa makini, ila walikuwa wakikutana kwenye daftari tu.

Nalikumbuka daftari hilo kila nisikiapo kwamba jopo la madaktari wa fani mbalimbali, wanaoamua pamoja, ni anasa ya nchi tajiri. Hoja hiyo ina uzito. Wataalamu wetu ni wachache, na mgonjwa anaposubiri kikao, ndugu zake wanalipia malazi na chakula mjini. Tena uamuzi ukiwa wa wote, atawajibika nani? Mpasuaji ndiye anayeshika kisu, na ndiye atakayeikabili familia.

Lakini upasuaji wa saratani hiyo, uitwao Whipple, si wa kawaida. Huondoa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kibofu cha nyongo na sehemu ya mrija wake, kisha vinavyobaki vinaunganishwa upya. Wenye saratani hiyo wanaogundulika mapema kiasi cha kufaa kupasuliwa ni mmoja kati ya 5, au pungufu. Kujua kama uvimbe umeizingira mishipa mikubwa ya damu kunahitaji jicho la mtaalamu wa picha. Huko Johns Hopkins, Marekani, utafiti wa 2008 ulifuatilia wagonjwa 203 waliopitia kliniki ya pamoja, ambako madaktari wa fani mbalimbali huamua kwa pamoja: 48 walibadilishiwa matibabu. Karibu mmoja kati ya wanne! Watu 48 wangeanza safari nyingine kabisa kama kila daktari angebaki chumbani kwake.

Na kazi haiishii chumba cha upasuaji. Uholanzi, hospitali 17 zilianza kufuata utaratibu mmoja wa kila siku baada ya upasuaji wa kongosho: lini damu ipimwe, lini picha ya CT, ya kuona ndani ya mwili, ipigwe, lini mrija wa kutoa majimaji tumboni uondolewe. Matokeo yalitoka 2022, kwa wagonjwa zaidi ya 1,700. Waliovuja damu vibaya, walioshindwa kazi viungo vya ndani au kufariki walishuka kutoka asilimia 14 hadi 8; vifo ndani ya siku 90, kutoka asilimia 5 hadi 3. Hospitali ni zilezile. Mimi hapo namwona muuguzi wa zamu, saa tisa usiku, akiona majimaji ya mrija yamegeuka rangi, na asihitaji kumbembeleza mtu ili asikilizwe.

Kweli, CT ikingoja familia ichange pesa asubuhi, utaratibu huo unachechemea. Ila kikao chenyewe kinataka meza, picha na watu wanne, na hao Kampala wapo. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago tangu 1967.

Kabla ya tarehe ile, mpasuaji wa mjomba aliwaita wenzake watatu. Uvimbe ulikuwa umeuzingira mshipa. Hakupasuliwa, aliwekewa kimrija cha kupitisha nyongo, muwasho wa ngozi ulioletwa na manjano ukakoma, akarudi Arua akala chakula cha nyumbani miezi kadhaa. Ukurasa wa mwisho wa daftari una miandiko minne, chini ya tarehe moja.