Mgeni Hatumii Pesa Yake

Najua mmeshasikia kisa changu na yule mgeni Mwingereza wa darasa letu la Kiingereza. Rafiki yangu anayekaa dawati la nyuma ameituma kwenye kila grupu la wauguzi, kuanzia Kondele hadi Ahero, na kwenye toleo lake eti nilimshika mzungu mkono nikamwingiza chooni. Uongo mtupu. Nilimshikia mkoba tu, tena kwa heshima zote. Acheni nisimulie mwenyewe, maana aliyepigwa na jua la saa saba pale karibu na Soko la Jubilee ni mimi, si yeye.

Mnajua wazimu wetu sisi tunaojiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza. Muuguzi anayepitia IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, anatakiwa apate 7 kati ya 9 kwenye kuzungumza, na mtahini anakaa naye dakika 11 hadi 14 tu. Alama zimegawanywa mafungu manne yaliyo sawa: ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi. Kwenye fungu la msamiati, mtu wa 7 anatarajiwa kutumia misemo kidogo na maneno yasiyo ya kila siku, na hapo ndipo akili zinapoturuka. Kila mtu ana daftari. Kushoto Kiingereza, kulia maana yake, A mpaka Z, unakariri hadi kwenye matatu. Daftari langu lilikuwa limefika herufi O. Naomba mkumbuke hiyo O.

Basi tukaletewa mgeni wa kuzungumza naye, bibi mmoja wa Kiingereza, muuguzi mstaafu, mpole kabisa, anavaa sweta katika joto hili la Kisumu. Nasi kwa ukarimu wetu tukamnywesha chai. Kikombe kikiisha, mwingine anainuka na chupa. Hakuna aliyejiuliza ile chai yote inakwenda wapi. Sisi, wauguzi! Watu ambao kazini tunapima mkojo kwa mililita na kuuandika kwenye chati!

Ikafika saa saba. Bibi akaangalia saa, akainama kwangu kwa kuwa nilikaa karibu na mlango, akanong'ona: "I'm just going to spend a penny."

Penny ni senti. Spend ni kutumia. Hapo nani angehitaji daftari? Mgeni wetu anataka kwenda kununua kitu, tena cha bei ya chini kabisa, na anaona haya kusema. Nikasimama mbele ya darasa zima nikatangaza: "No, Madam! You are our guest. I will pay for you."

Darasa likapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni yule wa dawati la nyuma, ila kwenye toleo lake hilo limeruka.

Bibi akawa mwekundu shingo yote. Nikajua ameguswa. Akasema ni wema mno, lakini ataweza peke yake. Nikamjibu "I insist", herufi I, ukurasa mzima ninaujua. Nikachukua mkoba wake, tukashuka ngazi.

Chini pana kibanda. Nikamwonyesha soda, njugu, mandazi. Kila kitu anatikisa kichwa, na ameanza kusimama kwa mguu mmoja kisha mwingine. "Actually," akasema, "I need to powder my nose." Afadhali, sasa amefunguka: ni poda! Ng'ambo ya barabara kuna duka la vipodozi. Nikamvusha katikati ya bodaboda na tuktuk, nikanunua kopo la poda ya watoto kwa sababu ndiyo niliyoweza kuilipia, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akalipokea. Akalitazama. Akafumba macho kidogo, kisha akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa anayezinduka baada ya upasuaji, kwamba angeshukuru sana kupata mahali pa kunawa mikono.

Jamani, niambieni ukweli. Hapa Kisumu, saa saba mchana, mtu mzima akikuambia anataka kunawa mikono, amekuambia nini? Ana njaa! Tena anataka ngege na ugali!

Nikampeleka kwa mama mmoja wa samaki. Tukakaa kwenye benchi, bibi ukutani, mimi upande wa kutokea, kwa hiyo njia nimeiziba mwenyewe. Nikaagiza wa kukaanga. Msichana akaja na beseni na birika la maji ya vuguvugu. Bibi akanyoosha mikono, maana adabu za Kiingereza hazimruhusu mtu kukataa kitu alichokiomba mwenyewe. Birika likainamishwa. Maji yakaanza kutiririka, tiriri, tiriri, juu ya vidole, ndani ya beseni. Msichana ana bidii, hamwagi haraka, anataka mzungu atakate. Tiriri. Bibi akakunja mguu juu ya mguu. Akang'ata mdomo. Msichana akamwekea sabuni. Tukaanza upya. Tiriri. Jasho likamtoka kipajini, nami nikafikiri ni lile sweta, nikamshauri alivue. Birika likaisha, nikamwambia msichana, kwa ukarimu tu, "Mwongezee."

Hapo ndipo bibi alipopiga meza kwa kiganja chenye povu na kupaza sauti hadi soko likanyamaza: "CHOO!"

Sijawahi kumsikia akisema neno lingine la Kiswahili. Lakini matamshi, wapendwa, yalikuwa ya 9 kamili.

Tukakimbia. Vyoo vya kulipia haviko mbali. Nikidhani shida imeisha, tukamkuta kijana wa mlangoni na ndoo ya sarafu na karatasi ya chooni mkononi, ambaye naye alikuwa na swali lake la kila siku: "Short call ama long call?"

Bibi akasimama. Akatoa simu mkobani, nilioushika bado, akaitazama na kusema hapana, asante, hampigii mtu yeyote.

"Mama, short ama long? Ya long inaongezwa tissue."

"I don't need to telephone anybody!"

Foleni nyuma ikaanza kutoa ushauri. Mmoja akasema mpe zote mbili. Ikabidi mimi, kijana wa watu, mwenye poda ya watoto kwapani, nimweleze bibi wa kumzaa mama yangu tofauti ya simu fupi na simu ndefu, yaani haja ndogo na haja kubwa, kwa Kiingereza, mbele za watu. Akanielewa kwa sekunde moja. Akainua kidole kimoja. Alikuwa na noti ya elfu tu na kijana hana chenji, kwa hiyo nikatumbukiza sarafu yangu ya shilingi kumi kwenye ndoo. Niliahidi nitamlipia, nikamlipia.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Tukala samaki wetu, na mifupani ndipo alipotoa somo. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu pale Hyde Park, London, fundi mmoja aitwaye George Jennings aliweka vyoo vya umma, na wageni zaidi ya 800,000 wakalipa penny moja moja kuingia. Baadaye milango mingi ya vyoo vya umma ikafungwa kufuli za sarafu: usipotumbukiza penny, huingii. Zile penny za zamani zilikuwa 240 kwa pauni, hadi fedha zao zilipobadilishwa mwaka 1971. Kufuli zikaenda, msemo ukabaki vinywani mwa wazee, hasa akina mama. Kijana wa leo atakuambia "loo" au "toilet", yamekwisha.

Kwa hiyo daftari la safu mbili halitoshi, na hili ninawaambia ninyi mnaofanya mtihani mwezi ujao huku mkinicheka. Ongeza safu ya nani anasema, ya wapi, na ya unajibuje. Aliyesema "spend a penny" hajibiwi kwa pochi, anaonyeshwa mlango ulipo. Usiupindishe kwa wingi ukasema penny mbili, haupo. "Powder my nose" na "wash my hands" ni wa nyumba hiyo hiyo. Mzee akikuambia anakwenda kuonana na mtu kuhusu mbwa, usiulize mbwa wa aina gani, huenda naye anaelekea huko huko, au hataki tu kusema anakokwenda. Na "You alright?" ya asubuhi ni salamu. Jibu "Alright, you?" upite, usianze kumweleza habari za mgongo. Wale wagonjwa wa miaka 85 mnaokwenda kuwahudumia ndio wenye misemo hii: ukimletea mkoba badala ya kiti cha choo, jiandae kubadilisha mashuka.

Mengine mnayajua. Tulirudi darasani tumechelewa, wakacheka, poda imebaki kwangu, na sarafu za kumi ninaletewa mpaka wodini na watu wasio na haya.

Ila bibi naye ameanzisha daftari lake. Jana aliomba kuondoka mapema, mkuu wetu akamwuliza sababu. Akajibu kwa utulivu kwamba mwanawe yuko Australia na siku hiyo anatarajia "a long call". Akasita. Akanigeukia. Kisha akamwambia mkuu, neno kwa neno: "On the telephone."

Darasa lilikuwa limeshaanguka.