Pilato wa Fortingall: hadithi inapoifunika historia ya kijiji

Fortingall ni kijiji kidogo cha Perthshire, katikati ya Uskoti, pale bonde la Glen Lyon linapofunguka na mto wake kushuka kuungana na mto Tay. Kina kanisa, hoteli, safu ya nyumba zilizoezekwa matete, na ndani ya ua wa kanisa kuna mti mmoja wa yu (mti usiopukutisha majani, unaoishi miaka mingi sana), mzee kuliko vyote hivyo. Mgeni anayefika hapo aghalabu ameshasikia jambo moja: kwamba Pontio Pilato, yule liwali wa Kirumi aliyemtoa Yesu asulubiwe, alizaliwa hapa. Baba yake, wanasema, alikuwa mjumbe wa Kaisari Augusto kwa chifu wa eneo hilo, Metellanus, akazaa na mwanamke wa huko. Wengine humtaja mama huyo kuwa wa ukoo wa Menzies, wengine wa MacLaren.

Kwa tarehe peke yake hadithi hii haisimami. Pilato aliitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36 BK, na kuwapo kwake hakuna ubishi, kwani mwaka 1961 lilipatikana jiwe huko Kaisaria lenye jina na cheo chake. Mtu aliyepewa cheo hicho mwaka 26 alikuwa amezaliwa karibu na enzi za kuzaliwa Kristo, au kabla. Wakati huo Warumi hawakuwa na ngome hata moja katika kisiwa cha Britania. Julius Kaisari alivuka bahari mara mbili, mwaka 55 na 54 KK, akaishia kusini kabisa. Uvamizi wenyewe ulikuja mwaka 43 BK, na jeshi la Agricola, liwali wa Kirumi wa Britania, halikulifikia eneo la Perthshire hadi karibu na mwaka 80, Pilato akiwa ameshaondoka Yudea zaidi ya miaka 40. Koo zinazotajwa nazo hazikuwapo. Menzies ni jina lililotoka Normandy, Ufaransa, katika Zama za Kati.

Tena, Warumi walipofika kweli waliacha alama zinazoshikika mkononi. Huko Inchtuthil, ukiufuata mto Tay kuelekea chini, walijenga kambi ya lejioni nzima, yaani kikosi cha askari elfu kadhaa, kisha wakaiacha baada ya miaka michache tu. Kabla ya kuondoka walifukia misumari ya chuma, zaidi ya laki nane, ili wenyeji wasiipate. Wachimbaji waliikuta humo shimoni, mingine ikiwa bado imara chini ya tabaka la juu lililoshika kutu. Fortingall haina kitu cha namna hiyo. Kipo kiwanja chenye handaki ambacho watu wa zamani walikiita makao ya jemadari wa Kirumi, lakini wataalamu wa baadaye wameona humo makazi ya mwenye ardhi wa Zama za Kati.

Na Fortingall si peke yake inayomdai Pilato. Forchheim huko Ujerumani inamdai, Bisenti huko Italia inamdai, na Uswisi una mlima unaoitwa Pilatus ambao watu waliamini kuwa mzimu wake unakaa huko. Mtu anayedaiwa na vijiji vingi hivyo ni mtu ambaye hadithi yake husafiri na kutua popote penye boma la kale na watu wenye hamu ya kutambuliwa.

Hata hivyo wanaoitetea hadithi hii hawastahili kupuuzwa. Hoja yao ya kwanza ni kwamba simulizi lililopita vizazi kadhaa limekwisha kuwa sehemu ya historia ya mahali, hata kama tukio lenyewe halikutokea. Nakubaliana nao. Anayetaka kuielewa Fortingall ya karne ya 19 hawezi kuliruka. Hawa walikuwa watu wa Kigaeli, lugha iliyodharauliwa na wakubwa wa kusini, na kwa hadithi moja walijiweka ndani ya Biblia na ndani ya dola ya Rumi kwa pamoja. Naona humo madai ya heshima, na si upuuzi mtupu.

Hoja ya pili ni kwamba wasomi nao hubahatisha. Umri wa mti wa yu ni mfano mzuri. Kibao kimoja husema miaka 5,000, makadirio ya tahadhari zaidi husema kati ya 2,000 na 3,000, na wako waliothubutu kusema 9,000. Sababu ni kwamba kiini cha shina kilioza zamani, kwa hiyo hakuna pete za kuhesabu. Mwaka 1769 shina lilipimwa likapatikana na mzunguko wa futi 52. Leo limebaki vipande vilivyosimama mbalimbali, na vigingi vidogo ardhini vinaonyesha duara la zamani. Mwaka 2015 mtaalamu wa bustani ya mimea ya Edinburgh aliona jambo jingine: mti huu, uliojulikana kuwa dume, ulikuwa umezaa matunda matatu mekundu kwenye tawi moja la juu. Ikiwa mti ulio mbele ya macho yetu bado unawashangaza wataalamu, wasimuliaji wana haki ya kuuliza kwa nini wao tu ndio wabanwe.

Jibu langu ni kwamba hadithi ya Pilato ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na vitu vya kweli. Mti wenyewe ni shahidi. Katika karne ya 18 na ya 19 watu waliukata kutengeneza vikombe na kumbukumbu nyingine, hata ukajengewa ukuta, na mpaka miaka ya karibuni walinzi wake wamekuwa wakilalamika kwamba wageni huchuma vijitawi na kuondoka navyo. Kadiri mahali panavyosifiwa kwa maajabu, ndivyo kila anayefika anavyotaka kipande chake.

Gharama kubwa zaidi, kwangu, ni yale yanayokosa nafasi. Karibu mwaka 700 palikuwa na monasteri hapa. Inahusishwa na Coeddi, askofu wa Iona, kisiwa cha watawa magharibi mwa Uskoti, aliyefariki mwaka 712. Picha za angani zimeonyesha mistari ya mipaka yake mashambani, na ndani ya kanisa vimehifadhiwa vipande vya mawe yaliyochongwa misalaba. Ilikuwapo pia kengele ya mkono ya chuma, ya zama hizohizo, iliyotunzwa katika kishubaka nyuma ya nondo. Iliibwa mwaka 2017. Kengele iliyowaita watu kwenye sala miaka 1,300 iliyopita ilikuwa na uzito kuliko Pilato mara mia, lakini wapita njia wangapi walijua kwamba iko pale?

Halafu yupo James MacGregor, kasisi wa Fortingall na mkuu wa kanisa la Lismore. Yeye na nduguye Duncan, kuanzia mwaka 1512 hadi 1542, walikusanya mashairi ya Kigaeli kutoka Uskoti na Ayalandi wakayaandika kwa tahajia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jamaa ya Kiingereza, jinsi sikio lao lilivyosikia. Mkusanyiko huo umo leo katika Maktaba ya Taifa, Edinburgh, na mashairi mengi yaliyomo yasingekuwapo bila wao. Mojawapo ni la Aithbhreac, mjane wa karne ya 15 kutoka upande wa magharibi, anayeisemesha rozari ya marehemu mumewe. Zaidi ya nusu karne baada ya James kufa, mwaka 1603, mfalme alipiga marufuku jina lenyewe la MacGregor, na marufuku hiyo haikuondolewa moja kwa moja hadi 1774.

Hata sura ya kijiji inahitaji maelezo. Nyumba za matete zinazopigwa picha kama za kale zilijengwa miaka ya 1890 na Donald Currie, tajiri wa meli aliyenunua eneo la Glenlyon mwaka 1885. Fedha yake ilitoka kwenye meli za Castle Line zilizokwenda Afrika Kusini, kampuni ambayo baada ya muungano wa 1900 meli zake zilikuja kutia nanga hadi Mombasa na Zanzibar.

Mtu anaweza kunigeuzia kibao kwa kilima cha Càrn nam Marbh, kilima cha wafu. Inasemwa kwamba katika tauni ya karne ya 14 mwanamke mzee aliwazika humo waliokufa, akiwabeba kwa kigari kisicho na magurudumu kilichokokotwa na farasi mweupe. Kilima ni cha Enzi ya Shaba, na habari za huyo mama haziwezi kuthibitishwa. Mbona simkatai? Kwa sababu watu wa hapa waliifanyia kazi habari hiyo juu ya ardhi yao: jiwe la tauni bado limesimama kileleni, na kila Novemba, hadi mwaka 1924, kijiji kizima kilikusanyika hapo kuwasha moto mkubwa na kucheza kuuzunguka. Pilato hakuwahi kupewa hapa moto wala jiwe.

Sisemi afutwe. Asimuliwe, pamoja na madai shindani ya Ujerumani na Italia, lakini baada ya Coeddi, MacGregor na mama wa tauni. Waendesha hoteli watasema kwamba bila Pilato mgeni hafungi safari, na huenda wana haki. Basi aje kwa ajili yake, aukute ukutani kanisani ukurasa mmoja wa maombolezo ya Aithbhreac, kwa Kigaeli na tafsiri yake, na chini yake jina la kasisi wa kijiji hiki aliyeuhifadhi.