Ulanzi Ulikuwa Nje ya Mwili

Wakuu, tuanze na hili: sikuwa nimelewa. Najua mmeshaiona status ya yule jamaa yangu wa bodaboda, mimi nimekaa chini ya mti, shati limelowa chapachapa, na yeye kaandika "Ulanzi siyo soda". Kunuka nilinuka, sikatai. Lakini ulanzi, hii pombe yetu ya mianzi, ulikuwa nje ya mwili. Ndani kulikuwa na chai ya rangi na vitumbua viwili tu.

Mchawi ni kitabu. Mjomba alikuwa na kitabu cha historia kisicho na jalada, kimejaa ramani za vita: mishale minene ya wanaoshambulia, vinukta vya wanaokimbia, panga mbili zilizopishana pale palipochafuka. Isandlwana 1879, Wazulu wametanua pembe za ng'ombe. Adowa 1896, Waitaliano wanapotea milimani. Halafu ya kwetu, Lugalo ya Iringa, 17 Agosti 1891. Wenzangu wanacheza chandimu, mimi napanga vita sakafuni: maharage Wahehe, mahindi Wajerumani. Vita ikiisha mama anazoa majeshi yote mawili, anatia sufuriani, jioni tunakula makande.

Ugonjwa haujapona. Nina daftari sita za mishale. (Wewe unayecheka, una fulana ngapi za timu?)

Watu wa Iringa rukeni hapa. Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye wazee walimwita Nyundo, alikuja na msafara mrefu kumtia adabu Mkwawa, chifu wa Wahehe. Wahehe wakalala kichakani kando ya njia, wakauacha msafara ujae, wakainuka wote kwa pamoja. Mizinga ilikuwa bado mgongoni mwa punda, haijafunguliwa hata kamba. Nyundo hakutoka.

Basi Jumamosi nikasema nikaone kwa macho Mhehe aliyelala chini aliona nini. Jamaa akanibeba mpaka Lugalo, tukaacha barabara kuu, tukapata kijia na nyasi ndefu za masika. Mpango: yeye atembee kutoka bondeni, ndiye Nyundo. Mimi nilale juu na fimbo. Akiukaribia mti, naruka. Kitu cha dakika tano.

Nikalala. Sisimizi wakapanda ndani ya suruali, nikavumilia, nikijiambia hata wa 1891 waling'atwa. Dakika kumi. Ishirini. Ndipo nikasikia kandambili, pata pata pata, nyingi. Nikatenga majani kwa vidole viwili. Sikuona sura, niliona mizigo tu, inaelea juu ya nyasi kwa mstari mmoja, kama ilivyochorwa! Moyo ukanidunda. Nikawaza: jamaa ana akili huyu, kaniletea mpaka wapagazi.

Nikaruka. Fimbo juu, mdomo wazi: "NYUNDO, UMEKWISHAAA!"

Walikuwa akina mama saba wanakwenda kwenye shughuli.

Naomba niende polepole hapa, maana mimi mwenyewe naiona hivyo kila nikifumba macho. Wa pili alikuwa na ndoo ya lita ishirini. Kilianza kifuniko, kikateleza upande kama kofia ya mlevi. Ndoo ikainama, ikafikiri kidogo, ikaja. Ulanzi mweupe, umeshachacha, ukanipata kuanzia utosini, ukashuka mgongoni, ukawakuta wale sisimizi. Nikapangusa macho. Mama wa mbele hakukimbia hata hatua moja. Alikuwa ameshika mwiko wa shughuli, ule mrefu wa kusongea ugali wa watu mia. Nikapandisha macho kutoka kwenye mwiko kwenda kwenye kitenge, kutoka kitenge kwenda usoni.

Mama mkwe mtarajiwa.

Fimbo bado iko hewani. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Kamwene, mama."

"Kamwene," akaitikia. Adabu kwanza. Kisha mwiko ukashuka.

Begani. Wa pili kiunoni. Wa tatu sijui ulikuwa wa nani, maana wenzake nao walikuwa wameshatua mizigo. Nyundo alikuwa na mizinga imefungwa kwenye punda. Hawa silaha zao zilikuwa mkononi tangu nyumbani. Nilijikunyata pale chini nikiwa na picha kamili ya ramani kichwani, ila mishale yote imegeuka, inakuja kwangu.

Mengine ni mafupi. Nimelipa ndoo. Nimebeba sufuria lao kubwa mpaka kwenye shughuli, nimeomba msamaha kwa magoti, nimesamehewa na sita. Jamaa alitokea baadaye akitafuna hindi la kuchoma. Eti alisimama kupokea simu ya mteja. Akapiga picha kabla ya kuuliza nimefanywa nini.

Mchumba amenuna siku mbili. Leo asubuhi ndiyo kaandika: "Mama anauliza, Jumapili unapitia mlangoni au kichakani?"