Amotisere Ndefu Kama Muwa

Muwa hununuliwa kwa urefu. Bei ni moja kwa kila muwa wa fungu, kwa hiyo mwenye akili huchomoa ule mrefu kuliko mingine yote na kuondoka nao begani. Hivyo ndivyo nilivyonunua amotisere, zile ndugu zetu wa Dar huziita shokapu, za mbele za pikapu yangu pale Birere, sokoni Goma, mwaka 2019. Na kwa sababu hiyo mama mkwe wangu, mama wa kanisa asiyegusa chupa ya bia hata kwa ncha ya kidole, alifika kwangu Ndosho akinuka pombe mbele ya wanakwaya.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya 1999. Ilizaliwa nyeupe. Kazi yake ni kushusha makabichi na vitunguu kutoka Kibumba, na ikikosa makabichi hubeba makala, yaani makaa, hubeba matofali, hata maiti iliwahi kubeba mara moja na haikulalamika. Anayezijua njia za mitaani Goma anajua kwamba nyingine hazikutengenezwa na mtu. Ziliteremka zenyewe kutoka Nyiragongo, volkano yetu, zikiwa za moto, mwaka 2002, zikakata mji katikati hadi ziwani, zikapoa, nasi tukaanza kupita juu yake. Gari lolote lililopita pale miaka kumi lina haki ya kuugua.

Yangu iliugua mbele. Pua iliinama kama ng'ombe anayekunywa maji, na kila shimo lilipopita gari liliendelea kunesa lenyewe, tuko shimo la tatu bado linajibu la kwanza. Ni amotisere.

Nikampelekea fundi wangu wa Katindo, mzee mmoja asiyezungumza na wateja. Huzungumza na magari. Akapanda juu ya bampa, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akashuka ghafla. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Mara ya nne akakohoa.

"Hizi zimekufa. Nzima inapanda mara moja, ikishuka inakaa."

Akaingiza mkono nyuma ya tairi, akautoa na kidole kimelowa mafuta meusi, akanionyesha kama daktari anavyoonyesha picha ya mapafu. Kisha akaanza kueleza habari ya ile pua iliyoinama, kwamba huo ni ugonjwa mwingine, ni wa tosyo, kwamba tosyo ni... Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa mteja wa makabichi. Mfanyabiashara haachi simu ya mteja kwa ajili ya somo la chuma. Niliporudi mzee alishafika mwisho wa maelezo, na mimi kwa aibu nikaitikia "ndiyo, muzee" kama niliyesikia yote.

Mpya alizitaja kwa dola 120, jozi. Hazina ya nyumba yetu iko kwa mke wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepokea zamu yake ya likirimba, ule mchezo wa kupeana pesa kwa zamu. Akanihesabia dola 70, akashika ile noti ya mwisho kwa muda kabla ya kuiachia, akasema, "Papa, ukirudi na kitu kingine, hata soksi, usirudi."

Birere kuna kila kitu ambacho gari linaweza kupoteza, na baadhi ya watu husema ndiko kinakopotelea. Kijana mmoja mwenye tabasamu pana alinipokea kabla sijasema shida yangu. Akaweka mbele yangu daraja tatu za maisha. Kwanza, zilizo ndani ya boksi lenye jina kubwa la Kijapani, dola 130. Sikuzigusa, nilizisalimia tu. Pili, boksi lenye jina ambalo ukilisoma haraka ni lile lile, ila herufi moja imeamua kujitegemea, dola 85. Tatu, rundo lisilo na boksi, okazyo, yaani mitumba, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Niligusa moja. Rangi ikabaki kwenye dole gumba langu, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini kitu kilichotoka Ulaya kina rangi mbichi, nikajifuta kwenye suruali.

"Hizi zote dola 60, jozi. Chagua mwenyewe, papa."

Chagua mwenyewe! Katika rundo lile kulikuwa na fupi na ndefu. Nikauliza tofauti.

"Ndefu inainua gari," akasema bila kupepesa.

Akachukua ile ndefu kupita zote, iliyofungwa kwa kamba ikiwa imebanwa, akaikata kamba kwa wembe. Fimbo ya chuma ikaanza kutoka yenyewe polepole, inang'aa, kama nyoka anayetoka shimoni asubuhi kuota jua. "Unaona? Ya gazi hii, gesi iko ndani. Inasukuma yenyewe, hata ukilala." Jamani, mimi nina gari lililoinamisha pua, na mbele yangu kuna kitu kirefu kinachosukuma juu bila kuombwa. Ningefikiria nini?

Ikaja zamu ya kulipa. Kijana akachukua noti zangu moja moja, akazinyanyua juani, akapitisha ukucha pembeni kutafuta mchaniko, maana dola kwetu haikubaliwi ikiwa na jeraha hata la milimita mbili. Noti ya ishirini akaikataa kwa alama niliyoiona baada ya kunionyesha mara tatu. Nikaenda kuibadilisha kwa mama wa kubadilisha pesa, nikapoteza dola moja hapo. Noti zangu alizichunguza dakika kumi. Amotisere zake nilizichunguza kwa muda wa kujifuta dole gumba.

Dola tisa zilizobaki zilitosha kumlipa msaidizi wake azifunge hapo hapo, na hivyo sikuwa na haja ya kumsumbua mzee wa Katindo na maneno yake marefu. Msaidizi akaweka kriki, yaani jeki, chini ya chasi, akainua hadi tairi zikaning'inia. Amotisere ikaingia bila ubishi: bulo (bolti) la chini kwenye pete, msumari wa juu kwenye tundu lake, raba, kikombe cha chuma, nati. Aliposhusha kriki, nilisimama mbele ya gari langu nikakosa neno. Pua ilikuwa juu! Pikapu ilitazama mbele kama mbunge aliyechaguliwa jana. Nililizunguka mara mbili.

Njiani kurudi nilihisi kitu. Zamani gari lilinesa. Sasa lilikataa kabisa. Kila jiwe lililopita chini ya tairi lilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno yangu. Nilimpigia mke wangu kumweleza kwamba kazi imekwisha, akaniuliza kwa nini nasikika kama niko ndani ya mashine ya kusaga mahindi. Nikamwambia ni upya, kama kiatu, kitalegea. Mtu wa chukudu alinipita kwenye mteremko amebeba magunia matatu. Chukudu, ambayo ni mbao na magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira! Akageuka kunitazama kwa huruma.

Jumamosi yake mama mkwe akaingia kwa boti kutoka Bukavu. Ule ulikuwa mwaka wa Ebola, kila mlango wa Goma una ndoo ya maji ya klori, na pale bandarini kulikuwa na kijana mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Mama akanawa mara mbili, akapimwa, akapita. Nyuma yake wakapita mananasi ya Idjwi, kuku wawili, na bidoni, dumu la njano la lita 20, ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulibeba.

"Hii ni mutobe, mukwe wangu. Juisi ya ndizi, ya watoto."

Nikataka kuliweka nyuma na mananasi. Akakataa. Likakaa mbele, katikati ya miguu yake, amelishika kama mjukuu. Kwa heshima ya mkwe mimi simwangalii mama usoni, kwa hiyo nilikuwa naliangalia bidoni, na nikaona limenenepa kidogo mbavuni. Nikauliza, kwa adabu, mutobe ulikamuliwa lini.

"Jumatano," akasema.

Watu wa Kivu wananielewa. Kutoka Jumatano hadi Jumamosi mutobe hubadili dini. Jumatano ni juisi. Jumamosi ni kasiksi, pombe ya ndizi, na tayari ana nguvu za kubishana. Lakini nani atamwambia mama mkwe hivyo?

Kwenye lami mambo yalikwenda. Tulipoiacha lami kuingia mtaani kwetu, amotisere zangu zikaanza kazi, yaani zikakataa kuifanya. Gari lilipiga mawe, mawe yakapiga gari, mama akawa anaomba kwa sauti inayokatika vipande vipande, "E-e-e Ba-ba ye-tu," na bidoni likawa linatikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Nililiona likivimba. Mbavu zake za njano zikapotea, likawa duara, kifuniko kikaanza kulia sssss kama kuna mtu humo ndani anataka kusema neno.

Likasema.

Watu wa Goma wakisikia kishindo hawatazami kilikotokea. Wanatazama mlima kwanza. Mtaa mzima uligeuza shingo kuelekea Nyiragongo, muuza makala, watoto, mpaka mbuzi nadhani. Nami ni mtu wa Goma. Kasiksi inanichuruzika masikioni, kifuniko kimetoboa kitambaa cha dari, mama mkwe analia "Yesu", na mimi nimegeuza kichwa kutazama mlima. Mlima ulikuwa mtulivu kabisa. Nilipotazama tena njia, tayari nilishalivaa tuta la lava linalojulikana na kila mtoto wa mtaa huo.

Kishindo cha pili kilikuwa cha chuma. Pua ya gari ikaanguka upande wa kushoto, na kitu kikaanza kugonga rimu kong'o, kong'o, kong'o, mpaka nikasimama. Tulisimama wapi? Mbele ya kwaya ya akina mama, waliokuwa wamejipanga na vitenge vyao vya sare kumpokea mgeni.

Mlango ukafunguka. Harufu ndiyo iliyoshuka kwanza. Mama akafuata, kitambaa cha kichwa kimelowa, povu begani. Mwanakwaya mmoja akaanzisha wimbo, wa pili akamvuta mkono.

"Ni mutobe," mama akasema.

Hakuna aliyejibu. Kuku mmoja alishuka, akanywa kwenye kidimbwi kilichokuwa kinadondoka chini ya mlango, akafikiri, akanywa tena.

Mananasi yalimalizia safari kwa chukudu. Naapa ni yule yule aliyenipita mteremkoni, maana alinisalimia kwa huruma ile ile. Mama akatembea kwa miguu mita mia tatu zilizobaki, akitanguliwa na kwaya iliyokuwa inaimba sasa, lakini kwa mbali kidogo.

Mzee wa Katindo alikuja kwa motari, bodaboda yetu, na mfuko wake wa spana. Akachuchumaa, akalisikiliza gari, akacheka nalo. Kishikio cha juu kilikuwa kimeng'oka kwenye chasi na kipande cha chuma chake, na msumari wa amotisere umepinda kama kidole cha mchawi. Akaomba zile za zamani. Kwa bahati nilikuwa sijazitupa. Akalaza moja juu ya jiwe, kando yake akalaza mpya iliyobaki nzima, akaibana hadi mwisho kwa kuiegemea na kifua. Ikiwa imebanwa kabisa, imegota, bado ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani ilivyotakiwa kuwa gari likiwa limesimama tu.

"Papa, amotisere haibebi gari," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni. "Inayobeba ni tosyo, ile fito ya chuma inayojisokota chini huku. Amotisere ni ya kulishika lisirukeruke, kama mama anavyomshika mtoto kanisani. Unapima urefu wake ikifunga, unapima ikifunguka, unaangalia na vichwa vyake. Hii yako ilikuwa inagota kabla tairi haijafika kwenye raba ya kizuizi. Haukuweka amotisere. Uliweka gongo la mti."

"Lakini pua iliinuka," nikasema.

"Gongo linainua."

Akaingia chini ya gari na spana moja. Kuna bulo mbili huko, moja kila upande, mwisho wa zile tosyo. Akazizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, akatoka, akapima kwa shubiri kutoka tairi hadi bodi, akaingia tena. Mpaka mke wangu anamletea chai, pua ilikuwa imeinuka, bila amotisere hata moja. Kazi hiyo hakunitoza kitu. Alisema ndiyo aliyokuwa ananieleza siku ile simu ilipoita.

Kuchomelea kishikio kulikuwa na bei yake. Jozi mpya ya urefu sahihi ilikuwa na bei yake pia, ile ile dola 120, na pesa hizo zilitoka kwa mama mkwe kwa masharti ambayo sitayaandika hapa. Kijana wa Birere alinipokea kwa tabasamu lile lile, akazitazama ndefu zake, akaniuliza zimetoka wapi. Moja sasa inazuia mlango wa banda la mbuzi. Ile iliyopinda mke wangu ameitundika ukutani jikoni, mahali ninapokaa kula.

Juzi mama amepiga simu kutoka Bukavu. Anakuja Noeli. Akauliza habari za watoto, za makabichi, halafu akanyamaza kidogo.

"Ile gari yako, mukwe wangu, bado inaruka?"

Nikamwambia hapana mama, sasa imetulia kabisa, unaweza kulaza mayai kwenye kiti.

"Vizuri," akasema. "Basi nitaleta mabidoni mawili."