Mjomba Amebakiwa na Roho Moja

Gemu la Teenage Mutant Ninja Turtles: Shredder's Revenge, lililotengenezwa na Tribute Games ya mjini Montreal, Kanada, na kutolewa mwaka 2022, huruhusu watu sita kupigana pamoja katika skrini moja. Lau lingeruhusu watano, mimi leo ningekuwa naheshimiwa katika majumba ya Michenzani, mjini Unguja. Wapwa zangu ni wanne, rafiki yao wa mlango wa jirani ni wa tano, na usiku ule wa Idi pili dada yangu alikuwa amekwenda kuwaamkia wakwe zake, akaniachia watoto, funguo moja na sahani ya visheti. Nafasi ya sita ilikuwa wazi, na mjomba mtu alikuwa amekaa hana kazi.

Nilielezwa kanuni kwa haraka na kwa dharau kidogo. Mashujaa ni kasa wanne waliopata maumbile ya watu, wakaishi katika mitaro ya maji machafu ya New York na kupewa majina ya wasanii wa Italia: Leonardo mwenye kitambaa cha buluu na panga mbili, Raphael mwekundu, Donatello wa zambarau mwenye bakora ndefu, na Michelangelo wa rangi ya chungwa. Katuni yao ilianza kuonyeshwa mwaka 1987, na kampuni ya Konami ikatoa mashine ya gemu lao la kupigana watu wanne mwaka 1989, kwa hiyo ugomvi wenyewe ni mkubwa kwa umri kuliko kila mtoto aliyekuwamo chumbani. Kasa wakaisha mara moja. Mpwa wangu wa kike akamchukua April O'Neil, mwandishi wa habari wa televisheni, na mimi, kwa kuwa ndiye mtu mzima, nikakabidhiwa Splinter, mwalimu wao wa kupigana, ambaye ni panya.

Kanuni iliyotuletea balaa ni ya kufa. Mchezaji akipigwa hadi akaishiwa nguvu huanguka, hesabu ikaanza kurudi nyuma, na mwenzake akiwahi kumfikia na kumpa kipande cha pizza huinuka tena kana kwamba hakikutokea kitu. Asipowahiwa hupoteza roho moja kati ya chache alizopewa. Pizza ndiyo dawa ya kila maradhi katika gemu hili. Huokotwa chini ikiwa ndani ya boksi, na hakuna anayeuliza imekaa hapo tangu lini.

Sasa naomba msomaji apate picha ya chumba. Kochi lilijaa watoto watano, kwa hiyo nilitandikiwa mkeka, nikapewa mito miwili, nikalala chali na padi yangu, kile kidude cha kuchezea, kifuani. Feni ilikuwa imeelekezwa kwangu, na kwa sababu kifua changu hakipatani na upepo, mpwa mdogo alinifunika shuka jeupe hadi kidevuni. Mlango wa chuma ulifungwa kwa funguo ili watoto wa ngazi nyingine wasije kudai padi. Madirisha yalikuwa wazi, na chini ya madirisha hayo, kama ilivyo kila usiku, wazee walikuwa barazani wakinywa kahawa.

Pambano la kwanza ni ndani ya studio ya televisheni ya Channel 6, na anayelinda mwisho wake ni Bebop, jitu lenye sura ya ngiri lililovaa miwani myeusi. Ngiri huyo alinichukia mimi binafsi. Aliwapita kasa wanne wenye silaha, akamwacha mwandishi wa habari na kipaza sauti chake, akaja moja kwa moja kwa mzee panya. Nilikufa, nikafufuliwa, nikafa tena, na kila nilipoanguka watoto watano walipaza sauti kwa pamoja, madirisha yakiwa wazi:

"Mjomba ameanguka! Mjomba anakufa! Mpeni pizza!"

Barazani vikombe viliwekwa chini. Bi Mkubwa wa ghorofa ya kwanza, ambaye habari za presha yangu anazijua kuliko daktari wangu, alitoka na kanga yake begani akauliza ni mjomba yupi, na kabla hajajibiwa sauti ya kitinda mimba ikashuka kutoka juu, nyembamba na yenye uchungu wa kweli: "Nguruwe kampiga mjomba! Amebakiwa na roho moja!"

Maneno hayo, kwa mtu asiyejua gemu, hayana tafsiri ya heri. Watu walipanda ngazi mbio, wakagonga mlango na kuita. Sisi tulisikia, lakini Leonardo naye alikuwa ameanguka wakati huohuo, na mpwa mkubwa, bila kugeuza shingo, aliwajibu kwa adabu zote alizofunzwa:

"Shikamooni. Subirini kidogo, tunamfufua mjomba."

Nilisimuliwa baadaye kwamba kimya kilitanda ngazini, kisha mzee mmoja akasema, "Lahaula," na kijana akatumwa kumwita mwalimu wa madrasa aje na msahafu. Kijana mwingine, mwenye Vespa, alipewa amri na Bi Mkubwa aende Forodhani, kwa wauza vyakula vya usiku, akalete upesi pizza ya Unguja, ile ya kukaangwa, kwani mgonjwa akitamani kitu cha mwisho hanyimwi. Kijana huyo anaapa kwamba alimweleza muuzaji hali yote, kwamba kuna mtu mzima anakata roho Michenzani na hamu yake ni pizza, na muuzaji, akiwa ameshika donge la unga mkononi, alitikisa kichwa kwa huruma akauliza, "Masikini. Ya nyama au ya chokoleti?"

Dada yangu alirudi akakuta ngazi zimejaa watu hadi chini, mwalimu amefungua Yasini, na harufu ya vitunguu na yai la kukaanga inapanda kutoka kwenye mfuko wa gazeti. Alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Darajani. Funguo zilipatikana, mlango ukafunguliwa, na umma wote ukaingia sebuleni ukanikuta nimelala chali, nimefunikwa shuka jeupe, macho nimeyatoa, sitikisiki. Sikuweza kutikisika, kwa sababu Splinter alikuwa chini na hesabu ilikuwa inakaribia kwisha.

"Yu hai?" aliuliza mwalimu.

"Bado kidogo," alijibu kitinda mimba.

Bi Mkubwa hakungoja zaidi. Alipiga magoti penye mkeka, akafungua gazeti lililolowa mafuta, akachoma kipande cha pizza kwa kijiti, kidogo cha mraba, nyama ikichungulia pembeni na moshi ukitoka, akanitia mdomoni. Kipande kilikuwa cha moto kiasi kwamba machozi yalinitoka palepale, na pilipili ilikuwa imetiwa bila hesabu. Katika dakika hiyohiyo April O'Neil alifika kwenye skrini na pizza yake, Splinter akainuka, nami nikaketi kitako kwa nguvu nikipuliza na kulia.

"Amezindukana!" walipiga kelele watu wa nyuma, ambao hawakuiona televisheni. Kulipigwa vigelegele. Waliokuwa mbele waliitazama skrini, wakanitazama mimi, wakaitazama padi, na vigelegele vikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma.

Yaliyofuata sitayaeleza kwa urefu. Dada alizungumza. Mwalimu alifunga msahafu na kuuliza, kwa upole uliouma kuliko matusi, mimi ndiye yupi kati ya wale, nikamwonyesha panya. Kijana wa Vespa alidai pesa ya pizza na ya petroli, na pizza yenyewe ikaliwa na wazee wa kahawa, wakisema kwamba mgonjwa ameshapona.

Lakini Bi Mkubwa alikuwa ameshapiga simu Wete, Pemba, na habari za msiba hazina gia ya kurudi nyuma. Asubuhi boti ilipotia nanga Malindi, bandari ya Unguja, waliteremka ami yangu, shangazi wawili na mkungu wa ndizi mkono wa tembo, nyuso zimefunga. Walipofika nyumbani wakanikuta nakunywa chai. Shangazi walilia kwa furaha, kisha wakalia kwa nauli. Ami hakulia. Alisikiliza kisa chote hadi mwisho, akavua kofia, akasema:

"Yakhe, mimi nimevuka bahari. Huyo nguruwe aliyempiga mwanetu yuko wapi?"

Watoto wakamwashia. Alimtazama Bebop kwa muda mrefu, miwani kwa miwani, kisha akanyoosha mkono apewe padi, na kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko sote akapewa Splinter. Gemu linakubali watu sita tu, ikabidi marehemu aondoke mkekani akamenye ndizi.