Mtambo wa kuchapa haukusafisha vitabu

Kila wanaposifiwa wanazuoni wa Ulaya waliofufua Kigiriki na Kilatini cha kale, huongezwa kwamba uchapaji uliwapa maandishi safi, nakala zote sawasawa. Sikubaliani. Mtambo hausahihishi kitu. Huzidisha ulichopewa, kosa likiwemo.

Tazama kazi yenyewe. Mpangaji huokota herufi za risasi, bati na antimoni kutoka kasha la vyumba vyumba, akazipanga miguu juu, kushoto kwenda kulia. Ukurasa ukishachapwa, herufi hurudishwa vyumbani upesi upesi. N ikitumbukia chumba cha u, kosa la kesho limeshazaliwa. Neno likijirudia mistari miwili mbele, jicho huruka na yaliyo katikati hupotea. Mara nyingi prufu, yaani karatasi ya majaribio ya kutafutia makosa, ilisomwa huku uchapaji ukiendelea. Msahihishaji akigundua kosa, mtambo husimamishwa, herufi hubadilishwa, kazi inaendelea. Na zile karatasi zilizokwisha kuchapwa? Nani azitupe! Karatasi ya matambara ya kitani ilikuwa ghali, kwa hiyo zilijalidiwa pamoja na zilizosahihishwa. Ndiyo maana nakala mbili za toleo moja huweza kutofautiana.

Chukua Agano Jipya la Kigiriki la Erasmus, mmoja wa wanazuoni hao, lililochapwa na Johann Froben mjini Basel mwaka 1516. Uchapaji ulimalizika kwa miezi michache tu, na Erasmus mwenyewe alikiri kwamba kazi ilikimbizwa. Masahihisho aliyaandika juu ya muswada wenyewe, nakala ya mkono ya karne ya 12, ukapelekwa hivyo kwa wapangaji. Kwa Ufunuo alikuwa na muswada mmoja, tena umekosa karatasi ya mwisho. Akachukua tafsiri ya Kilatini, akazirudisha aya za mwisho katika Kigiriki. Hapo 22:19 ikapata “kitabu cha uzima”, ilhali miswada ya Kigiriki ina “mti wa uzima”. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikarithi kitabu. Union Version ya Kiswahili ina mti.

Usahihi ulikuwa kazi ya watu, na kazi hiyo iliibika. Vitabu vidogo vya mchapaji Aldus Manutius wa Venice vilipoigwa huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1503 alichapa tangazo la kuwaonya wanunuzi, akiorodhesha makosa ya matoleo hayo bandia. Waigaji wakaichukua orodha yake na kusahihishia vitabu vyao.